Mguu Hauna Siri

Kama unataka kuficha mguu, usihamie Garissa. Nairobi mwanaume anaweza kuvaa suruali Jumatatu hadi Jumapili na hakuna atakayejua kilicho chini yake. Garissa ni ngumu. Adhana ni mara tano kwa siku, na kando ya msikiti kuna ile safu ya mifereji ambapo wanaume huketi bega kwa bega, suruali imekunjwa, kila mtu anaosha miguu yake huku akimsalimia jirani. Viatu vinabaki mlangoni. Ukimtembelea mjomba, unaketi kwenye mkeka, miguu ikiwa mbele ya kila mtu. Jioni joto likipungua, wazee kwa vijana wanatoka na macawiis, ule msuli wa Kisomali unaofungwa kiunoni na kuishia juu kidogo ya kifundo. Hapo mguu ni mali ya bulla nzima.

Sasa mfikirie mwanaume wa mji huo aliyeambiwa na daktari avae soksi za kubana. Unazijua: ndefu, nzito, zinafika chini ya goti, na kuzivuta asubuhi ni mieleka. Wanaoandikiwa ni watu wenye mishipa ya miguu iliyovimba na kujisokota, watu ambao miguu inafura kila jioni, na baadhi ya wale waliowahi kupata damu kuganda mguuni. Nyingi zina rangi ya chai ya maziwa, na kwa mbali zinaonekana kama stokingi tu. Kabla jamaa hajafungua mfereji, mtu ataitana: “Warya, hizo umeazima kwa bibi?” Kicheko. Ukilalamika utaambiwa ni mzaha, si sisi ni ndugu? Kesho yake soksi ziko chini ya godoro, na mguu unaendelea kufura.

Swali ninalotaka kulifuata hapa linaonekana dogo. Hiyo aibu ni ya nani? Ni ya aliyevaa, au ni ya aliyecheka? Na kama kuna mtu anayepaswa kuwa jasiri ili mambo yabadilike, ni yupi kati ya hao wawili?

Tuanze na mguu wenyewe, kwa sababu watu wengi wanaocheka hawajui kinachochekwa. Moyo unasukuma damu hadi kwenye vidole vya miguu, na kwenda chini ni rahisi. Kurudi ndiyo kazi. Damu inapanda mlima wa zaidi ya mita moja, na moyo uko mbali. Kazi kubwa ya kuipandisha inafanywa na shavu la mguu, ile nyama ya nyuma chini ya goti. Kila hatua unayopiga, misuli hiyo inakaza, inaikamua mishipa, na damu inaruka juu. Ndani ya mishipa kuna vali ndogo, vimilango vinavyofunguka upande mmoja tu, ili kilichopanda kisirudi. Fabricius, mwalimu wa tiba huko Padua, aliandika kuhusu vimilango hivyo mwaka 1603, na mwanafunzi wake William Harvey akavitumia katika kitabu chake cha 1628 kuonyesha kwamba damu inazunguka mwilini.

Vimilango vikilegea, damu inapanda kidogo kisha inateremka tena. Inatuama. Mishipa inatanuka, inajipinda kama mizizi ya mti chini ya ngozi. Mguu unakuwa mzito jioni. Miaka ikipita ngozi karibu na kifundo inageuka rangi, inawasha, inakuwa ngumu, halafu siku moja mkwaruzo mdogo unakataa kupona. Hapo ndipo kinapozaliwa kile Waswahili walichokipa jina la ajabu sana: kidonda ndugu. Kinakuwa ndugu kwa sababu hakiondoki. Unakula nacho, unalala nacho, unazeeka nacho.

Soksi za kubana zinafanya kazi moja rahisi. Zinakaza zaidi kwenye kifundo na kulegea kidogo kidogo zikipanda, kwa hiyo damu inasukumwa kuelekea juu. Nguvu yake hupimwa kwa milimita za zebaki, kipimo kile kile cha presha. Nyepesi ni kama 15 hadi 20, zile ambazo madaktari huandika mara nyingi ni 20 hadi 30, na nzito zinafika 30 hadi 40. Ni chombo cha tiba. Kina vipimo kama miwani.

Na alaa, aliyezipa umbo hilo alikuwa mwanaume aliyeumwa miguu! Conrad Jobst, mhandisi mzaliwa wa Ujerumani aliyeishi Toledo, Ohio, alisumbuliwa kwa muda mrefu na mishipa yake mwenyewe. Aligundua kwamba akisimama ndani ya bwawa la kuogelea anapata nafuu. Akajiuliza kwa nini. Jibu lilikuwa kwenye maji: kadiri unavyokwenda chini ndivyo yanavyokandamiza zaidi, kwa hiyo kifundo kinabanwa kuliko goti, na goti kuliko paja. Akaamua kushona maji hayo yawe soksi, na kufikia mwaka 1950 alikuwa na kampuni ya kuzitengeneza. Mtu yeyote aliyewahi kusimama kwenye Tana maji yakamfika kiunoni, mbali na mamba, ameuhisi mkono huo huo kwenye vifundo vyake.

Sasa, kwa nini hili liwe jambo la Garissa na Kaskazini Mashariki? Kwa sababu huku ndiko mguu wa mwanaume umebadilishiwa kazi ghafla. Babu alitembea nyuma ya ngamia, siku baada ya siku, kutoka kisima hadi malisho. Shavu lake la mguu lilikuwa linapiga pampu kutwa nzima, hakuhitaji soksi ya mtu. Mjukuu wake ni dereva wa basi. Nairobi hadi Garissa ni kama kilomita 370, na ukiendelea mpaka Mandera umepita 1,000, mguu wa kulia kwenye mafuta, wa kushoto kwenye klachi, goti limekunjwa pale pale. Shirika la Afya Duniani lilitoa matokeo ya utafiti mwaka 2007 yaliyoonyesha kwamba hatari ya damu kuganda kwenye mishipa inakaribia kuongezeka mara mbili mtu akisafiri ameketi saa 4 au zaidi. Kwa mtu mzima mwenye afya hatari hiyo bado ni ndogo, lakini utafiti ulikuwa unazungumzia abiria wa safari moja. Dereva wa njia ya Mandera saa 4 kwake ni kifungua kinywa.

Na si yeye peke yake. Mwalimu anasimama mbele ya darasa toka asubuhi. Dalali wa mifugo anasimama juani sokoni akibishania bei ya ng'ombe. Askari yuko kizuizini barabarani. Kinyozi, mpishi wa hoteli, mlinzi wa geti, muuguzi wa kiume. Mwenye duka ameketi kwenye kiti cha plastiki kuanzia saa moja asubuhi, na mchana anahamia kwenye mkeka wa miraa ambako atakaa tena hadi magharibi. Kusimama bila kutembea na kuketi bila kuinuka vinafanana kwa mguu: pampu imezimwa. Ongeza urithi wa familia, umri na uzito. Ni kweli wanawake wanaupata zaidi ugonjwa huu, hasa kwa sababu ya mimba, na ndiyo maana unaitwa wa kina mama. Lakini mshipa haujui kusoma kitambulisho.

Basi wacha tuichunguze aibu yenyewe. Maelezo ya kwanza utakayopewa ni kwamba tatizo ni vazi. Stokingi ni ya mwanamke, mwanaume akiivaa amejivunjia heshima. Sawa, lakini maelezo haya hayasimami hata dakika moja mjini Garissa. Mwanaume anayesema hivyo mwenyewe amevaa macawiis. Mpeleke na macawiis yake katikati ya kijiji fulani huko Ulaya, kuna watakaomuuliza kwa nini amevaa sketi. Atawashangaa, na atakuwa na haki, kwa sababu anajua kitambaa hakina jinsia mpaka watu waamue. Huko huko Ulaya, mwaka 1701, Hyacinthe Rigaud alimchora mfalme Louis XIV wa Ufaransa akiwa amesimama na soksi nyeupe ndefu, miguu imetangulizwa makusudi ili ionekane. Alikuwa mfalme mwenye nguvu kuliko wengi wa enzi zake na alitaka dunia ione mashavu ya miguu yake.

Usiende mbali hivyo. Nenda tu ukumbi wa kutazama mpira Jumamosi usiku. Watu wamebanana, wanapiga kelele, na kwenye skrini kuna wanaume 22 wenye soksi za kubana hadi magotini. Hakuna anayeuliza waliazima kwa nani. Jezi tunazinunua, tena na soksi juu. Kwa hivyo umbo la soksi halina shida. Urefu hauna shida. Kubana hakuna shida.

Utasema ni rangi. Hapo kuna ukweli kidogo. Ile rangi ya chai ya maziwa iliitwa rangi ya ngozi na watu waliokuwa wakiangalia ngozi zao wenyewe. Kwenye mguu wa mzungu inapotea. Kwenye mguu wa jamaa wa Garissa inapiga kelele. Lakini zipo nyeusi, zipo za kahawia, na mtu akivaa nyeusi kicheko kinapungua bila kwisha. Akiulizwa ni za nini, na akajibu “za mpira,” mambo yanaisha. Akijibu “daktari kaniambia,” kimya kinaingia, halafu mzaha. Angalia vizuri hapo. Soksi ni ile ile, mguu ni ule ule. Kilichobadilika ni sababu.

Soksi ya mchezaji inasema: huyu ana nguvu. Soksi ya daktari inasema: huyu mwili wake unaomba msaada. Kinachochekwa ni huko kuomba. Uanamke unaletwa kama jina la bandia tu, kwa sababu katika hesabu zetu mbovu kuhitaji msaada kumepewa wanawake na kutegemewa kumepewa wanaume. Mwanaume ni nguzo. Na nguzo, bana, umewahi kuona wapi ikifungwa bandeji?

Hii si hadithi ya Wasomali pekee, wala ya Waislamu, wala ya Kaskazini Mashariki. Nenda Kitui, nenda Kisumu, nenda Tanga, utaikuta kwa jina lingine. Mwanaume anayekataa miwani mpaka agonge mtu. Mzee anayekataa mkongojo mpaka aanguke. Babu anayetumia kifaa cha kusikia lakini anakivua wageni wakija. Tofauti ya Garissa ni kwamba mguu unaonekana, kwa hiyo swali linakuja haraka na mbele za watu.

Na hapa kuna jambo ambalo linanisumbua kuliko kicheko chenyewe. Watu wanaocheka si watu wabaya. Siku ile mguu wa jamaa utakapokataa kabisa, wa kwanza kufika watakuwa ni wao. Kuna kitu kinaitwa qaaraan, mchango wa ukoo na marafiki, na kwa Wasomali si jambo la hiari ya mtu mchoyo. Kundi la WhatsApp litafunguliwa kabla ya swala ya isha. Adeer wa Eastleigh atatuma, binamu wa Minneapolis atatuma, mwenye duka atatuma, na hata yule aliyesema “umeazima kwa bibi” atatuma, pengine zaidi ya wengine, kwa sababu moyoni anampenda. Fedha za gari la kwenda Nairobi zitapatikana. Fedha za kitanda zitapatikana. Watamwombea dua nzuri sana.

Yaani jamii ile ile inayomnyima mtu soksi inamlipia kidonda. Tuna ukarimu mkubwa kwa aliyekwisha kuanguka, na hatuna subira na anayejizuia asianguke. Ukifikiria kama mfanyabiashara, na Garissa kuna wafanyabiashara hodari, hiyo ni hesabu ya hasara. Lakini hasara ya fedha ndiyo ndogo. Kubwa ni kwamba ukarimu wetu unakuja na sharti lisilosemwa: tutakusaidia ukishindwa kabisa, ukiwa bado unaweza jikaze. Tunamfundisha mwanaume kwamba njia pekee ya heshima ya kupata msaada ni kuharibika kwanza. Waswahili walikwisha sema mficha maradhi kilio humuumbua. Tunamnukulia mgonjwa methali hiyo kila mara. Hatujawahi kujiuliza ni nani aliyemfundisha kuficha.

Kuna watakaosema naikejeli mila, na kwamba jamii isiyo na haya imekwisha. Pingamizi hili nalichukua kwa uzito, kwa sababu kuna ukweli ndani yake. Mji ambao mtu haogopi macho ya yeyote si mji unaotaka kuishi. Ila Kiswahili kina maneno mawili hapa, na Kisomali pia. Kuna haya, ambayo Msomali anaiita xishood, na kuna aibu, ambayo anaiita ceeb. Haya iko ndani. Inakuzuia usifanye ubaya hata ukiwa peke yako chumbani, na dini inaihesabu kuwa sehemu ya imani. Aibu iko kwenye macho ya watu. Mara nyingi zinatembea pamoja, ndiyo maana tunazichanganya. Lakini zikitengana, utajua ipi ni ipi kwa swali moja: je, jambo hili lingekuwa baya kama hakuna anayeniona? Wizi ungekuwa mbaya. Kusengenya kungekuwa kubaya. Mwanaume aliyevaa soksi za tiba chumbani kwake, mlango umefungwa, amemkosea nani? Haya yake iko salama. Kilichoguswa ni aibu peke yake.

Na kwa kuwa wanaocheka mara nyingi wanaiegemea dini, tuende huko huko. Ni kweli kuna onyo kali dhidi ya wanaume kujifananisha na wanawake, sina haja ya kulizunguka. Lakini dini ile ile ina kisa kingine, kimo katika Bukhari na Muslim. Hariri imeharamishwa kwa wanaume na kuhalalishwa kwa wanawake. Ni vigumu kupata vazi lenye mpaka ulio wazi kuliko huo. Hata hivyo Mtume aliwaruhusu wanaume wawili waivae kwa sababu miili yao ilikuwa inawawasha: Abdurahman bin Auf na Zubeir bin Awwam. Angalia majina hayo. Wote wawili ni katika wale kumi waliobashiriwa Pepo. Zubeir alikuwa shujaa wa vita ambaye hakuna mtu angethubutu kuhoji uanaume wake. Ngozi iliwasha, wakaomba, wakaruhusiwa.

Sasa pima mwenyewe. Hariri ilikuwa haramu yenye jina, na ikalegezwa kwa ajili ya kuwashwa. Soksi za kubana hazina haramu yoyote yenye jina, zina kicheko tu. Kama sheria yenyewe iliona mwili wa mwanaume unaweza kuumwa na ukahitaji nafasi, sisi tumepata wapi ukali uliozidi wa sheria?

Halafu kuna udhu, na hili ni suala la kweli, si la kubuni. Soksi hizi ni kazi kuvaa, na mguu ukiwa na unyevu ni kazi maradufu. Mtu anayezivua na kuzivaa kila swala atachoka kabla ya alasiri. Fiqhi ina milango: kuna kupangusa juu ya khofu, siku moja usiku na mchana kwa aliye mjini na siku 3 kwa msafiri, kuna hukumu za bandeji na jeraha. Wanazuoni wametofautiana kuhusu soksi za kitambaa, na madhehebu ya Shafi ambayo wengi huku wanayafuata yana masharti yake. Jibu lako liko kwa sheikh wako. Lakini ona aibu inavyofanya kazi: inakuzuia hata kuuliza. Utamwulizaje sheikh kuhusu soksi ambazo hutaki ajue unazo? Hivyo mtu anaacha tiba kwa ajili ya ibada ambayo pengine ingempa ruhusa, kama tu angefungua mdomo.

Najua jibu la haraka la watu wetu wa mjini: basi jamaa awe jasiri. Avae, atembee kifua mbele, awapuuze. Own it, kama wanavyosema kwenye video za motisha. Silipendi jibu hili. Linamrudishia mgonjwa mzigo wote. Mguu unamuuma yeye, usingizi anakosa yeye, na sasa atupigie na kampeni pia? Kuna stara katika maisha, na mtu kuficha ugonjwa wake kwa watu ni haki yake. Akitaka kuvaa suruali ndefu na kutawadhia nyumbani, ni sawa kabisa. Hatudai chochote.

Ujasiri unapaswa kutoka kwa wale ambao aibu hii haiwezi kuwadhuru. Mzee ambaye neno lake linamaliza ugomvi wa koo mbili, akivaa soksi hizo mfereji wa msikiti utanyamaza. Mwenyekiti wa sacco ya mabasi akiziweka kwenye orodha ya vifaa vya safari ndefu, pamoja na tairi la akiba na maji, dereva mwenye miaka 28 hatalazimika kueleza chochote. Imamu akikitaja kisa cha hariri kwenye hotuba ya Ijumaa, dakika mbili tu, kuna watu wataondoka wamepumua. Na wewe kijana ambaye miguu yako haijawahi kukuuma, ukikataa kucheka, umelipa bei ndogo sana.

Barabara hiyo hiyo ya Mandera imewahi kutuonyesha jambo hili likifanyika, katika saa nzito kuliko hii, na nalitaja kwa uangalifu kwa sababu soksi na risasi si vitu vya kulinganishwa. Tarehe 21 Desemba 2015, basi lililokuwa likielekea Mandera lilishambuliwa karibu na El Wak. Al-Shabaab waliwaamuru abiria wajitenge, Waislamu kando, Wakristo kando. Mwaka mmoja nyuma, Novemba 2014, amri kama hiyo karibu na Mandera ilikuwa imeishia kwa watu 28 kuuawa, na kila abiria alilijua hilo. Safari hii Waislamu walikataa kutengana. Baadhi yao walikuwa wamewapa Wakristo mavazi yao wavae ili wasitambulike. Mwalimu Salah Farah alipigwa risasi, akafariki Januari 2016. Filamu ya Watu Wote, iliyotoka mwaka 2017, ilitokana na siku hiyo.

Ninachochukua kutoka kwenye basi lile ni mpangilio wa nani alibeba nini. Vazi ambalo siku nyingine ni alama nzito, linalosema huyu ni wa huku na yule ni wa kule, lilivuliwa na kupewa mwenye shida. Na waliolitoa walikuwa wale ambao, kwa wakati ule, wangeweza kukaa kando wakawa salama. Hawakuwaambia walio hatarini wawe jasiri. Waliingia wao. Watu wa ukanda huu hawahitaji kufundishwa kutoka nje kwamba uhai unatangulia alama ya nguo. Wanalijua. Linahitaji tu kushushwa kutoka siku kubwa hadi Jumanne ya kawaida, pale mferejini.

Kwa hiyo, mambo machache ya kuondoka nayo. Soksi hizi hazimfai kila mtu: mwenye kisukari, au ambaye mishipa ya kupeleka damu miguuni imeziba, zinaweza kumdhuru, kwa hiyo daktari apime kwanza. Zivaliwe asubuhi kabla mguu haujafura, na ukubwa upimwe kwa tepu. Joto la Garissa halitazipenda, hilo ni kweli, na wengi hutosheka na zile za chini ya goti. Dereva asimame, ashuke, atembee kila anapopata nafasi. Mguu mmoja ukifura ghafla, ukauma na kuwa wa moto, au pumzi ikakatika na kifua kikauma baada ya safari, hiyo si kazi ya soksi. Ni hospitali, sasa hivi.

Na ukimwona mtu mferejini anahangaika kuivuta soksi juu ya kisigino chenye maji, msalimie, msogezee kitambaa akauke, na umuulize kama inamsaidia. Kuna uwezekano mkubwa kwamba mtu wa tatu kwenye safu, aliyenyamaza, ana jozi chini ya godoro na anasikiliza atakachojibu.